Njia tano za kusoma oksijeni ya magma kwa anayetafuta nikeli na shaba: ipi inakufaa?

Anayetafiti mashapo ya nikeli na shaba yaliyozaliwa ndani ya magma hufika, mapema au kwa kuchelewa, kwenye swali lile lile: magma hii ilikuwa imeoksidika kiasi gani? Swali ni jepesi kuuliza, lakini njia za kulijibu ni nyingi, kila moja ina watetezi wake, na fedha za maabara kwa kawaida hutosha njia moja au mbili tu. Makala haya yanalinganisha njia tano zinazotumika kwa miamba ya aina hii, kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili anayeandika pendekezo lake la utafiti, na kwa mjiolojia wa kampuni aliyepewa mashimo machache ya uchorongaji na bajeti finyu.

Msimamo wangu niuseme tangu mwanzo. Njia hizi hazipimi kitu kimoja, kwa sababu magma haina hali moja ya uoksidishaji tangu inapoyeyuka hadi inapoganda. Ina historia, na kila njia husoma saa yake katika historia hiyo. Wengi huanza kwa kuuliza njia ipi ina usahihi zaidi. Ningependa waanze kwa kuuliza ni saa ipi wanayotaka kuisoma.

Oksijeni inahusikaje na mbale

Kiungo ni salfa. Katika magma yenye oksijeni kidogo, salfa hukaa kama salfaidi, yaani ikiwa imefungamana na metali. Katika magma iliyooksidika sana, hukaa kama salfeti, yaani ikiwa imefungamana na oksijeni. Mpito kutoka hali moja kwenda nyingine hutokea katika eneo jembamba, kuanzia karibu na kiwango kinachoitwa FMQ hadi takriban hatua mbili juu yake. FMQ ni kifupi cha fayalaiti, magnetaiti na kwazi, madini matatu ambayo yakikaa pamoja kwenye joto na kanieneo fulani huilazimisha oksijeni kuwa na nguvu moja tu. Kwenye nyuzi 1,200 za Selsiasi nguvu hiyo ni bar 10 kwa kipeo cha takriban -8.3, na kwenye nyuzi 1,000 hushuka hadi kipeo cha karibu -11. Kwa kuwa namba hizo ni ndogo mno na hubadilika kila joto linapobadilika, wanajiolojia hupendelea kusema FMQ+1 au FMQ-2, wakijua kwamba kila hatua moja ni mara kumi.

Magma ya basalti iliyo kwenye FMQ au chini yake hushika salfa ya takriban sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, kisha huanza kutoa matone ya salfaidi ambayo hayachanganyiki na magma yenyewe. Magma ambayo salfa yake yote ni salfeti yaweza kushika zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake, yaani karibu mara kumi, bila kutoa tone hata moja la salfaidi. Matone hayo ndiyo yanayokusanya nikeli, shaba, kobalti na metali za kundi la platini, kama mafuta ya kupikia yanavyoivuta rangi ya bizari na kuyaacha maji karibu meupe. Yakitokea mapema mno, kule chini, metali nyingi hubaki huko huko. Yasipotokea kabisa, nikeli huishia ndani ya olivini, madini ya kijani yanayoganda mapema katika magma, ambamo hakuna mgodi wa salfaidi utakaoweza kuitoa.

Kwa hiyo mashapo mazuri huhitaji badiliko linalotokea mahali panapofaa: magma iliyosafiri bila kutoa matone iongezewe salfa, au ipokonywe oksijeni, au vyote viwili, ikiwa tayari imefika kwenye mkondo au chumba ambamo matone yanaweza kujikusanya. Noril'sk, kaskazini mwa Siberia, magma ya miaka milioni 252 hivi iliyopita ilipita kwenye tabaka za anhidraiti, ambayo ni salfeti ya kalsiamu, na pia kwenye tabaka za makaa ya mawe. Hapo kuna jambo ambalo watu hulipita haraka. Atomu moja ya salfa iliyomo katika salfeti huhitaji elektroni nane ili igeuke kuwa salfaidi, na kama elektroni hizo zitatoka kwa chuma cha magma, atomu nane za chuma zitaoksidishwa kwa kila atomu moja ya salfa. Magma inayomeza anhidraiti peke yake, kwa hiyo, huoksidika, na salfa iliyoongezwa yaweza kukaa humo bila faida. Kaboni huyageuza mambo: inachukua oksijeni, inaondoka kama gesi ya kaboni, na salfa inabaki kama salfaidi.

Kwetu Afrika Mashariki mfano uko Kabanga, wilayani Ngara katika Mkoa wa Kagera, ambako magma ya miaka milioni 1,400 hivi iliyopita ilijipenyeza katika miamba geu yenye salfaidi na kinywe. Isotopu za salfa (atomu zake zenye uzito tofauti) katika mbale ya Kabanga ni nzito kuliko zile za salfa ya kawaida ya manteli (tabaka lililo chini ya ganda la dunia), kati ya +10 na +24 kwa elfu, ishara kwamba sehemu kubwa ya salfa ilitoka katika miamba jirani. Kinywe ni kaboni tupu. Mtu akiuliza kama magma ile iliongezewa salfa tu, au pia ilipokonywa oksijeni na kinywe kilichokuwa mle mle, isotopu za salfa hazitamjibu. Atahitaji mojawapo ya njia zinazofuata.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaipima kila njia kwa maswali matano. La kwanza, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni saa inayosomwa: kabla magma haijakutana na miamba jirani, wakati matone ya salfaidi yalipokuwa yakitokea, au wakati mwamba ulipokuwa ukipoa. La pili ni mwamba unaohitajika, na kama hali yake ya sasa inaruhusu. La tatu ni ukubwa wa kosa, kwa hatua za FMQ. La nne ni vifaa na namna ya kuvifikia kutoka huku tuliko. La tano ni mtego, yaani namna ambavyo njia hiyo hutoa namba inayopendeza ambayo si ya magma kamwe. Baada ya hapo nitasema inamfaa nani.

Njia moja nimeiacha nje kwa makusudi. Kipima usumaku cha mkononi, ambacho tangu kazi ya Shunso Ishihara ya mwaka 1977 kimewasaidia wengi kutenganisha granaiti zenye magnetaiti na zile zenye ilmenaiti, hakiaminiki kwenye miamba ya nikeli. Pirotaiti, yaani salfaidi ya chuma, yenyewe mara nyingi ina usumaku, na olivini inapogeuzwa na maji kuwa serpentini, madini laini, huzaa magnetaiti mpya ambayo haihusiani hata kidogo na magma. Mwamba utalia kwenye kipima, na mtu ataandika kwamba magma ilioksidika.

Spineli na olivini

Njia hii hutumia uwiano wa chuma chenye chaji tatu, yaani kilichooksidika zaidi, ndani ya spineli, ambayo katika miamba yetu huwa ni kromaiti (oksidi ya kromiamu na chuma), ikilinganishwa na olivini na piroksini iliyo jirani. Fomula inayotumika zaidi ni ya Ballhaus, Berry na Green ya mwaka 1991. Saa inayosomwa ni ya mapema: kromaiti huwa miongoni mwa madini ya kwanza kuganda, na punje iliyofungwa ndani ya olivini huhifadhi kumbukumbu ya magma kabla haijabadilika sana. Punje zilizobaki nje, katikati ya madini mengine, zimeendelea kubadilishana na magma iliyozizunguka, na mara nyingine hiyo ndiyo faida. Ukiwa na punje za ndani na za nje katika bamba moja jembamba la mwamba, una saa mbili, na tofauti kati yao yaweza kukueleza zaidi kuliko namba yoyote peke yake.

Mwamba unaohitajika ni ule wenye olivini mbichi na, kwa hesabu safi zaidi, piroksini ya aina ya orthopiroksini. Habazaiti, yaani mwamba wa olivini na orthopiroksini, ambayo ipo Kabanga na katika mashapo mengi ya aina hii, inafaa kabisa. Pasipo orthopiroksini hesabu bado hufanyika, kwa kukadiria kiasi cha silika katika magma, lakini kosa linaongezeka.

Kosa la kawaida ni takriban nusu hatua. Lakini kuna jambo la kutahadhari kwa watafutaji wa nikeli hasa: magma ikiwa imepokonywa oksijeni sana, chuma cha chaji tatu ndani ya spineli huwa kidogo mno, na kosa dogo la mashine hugeuka kuwa kosa la hatua nzima au zaidi. Njia hii, kwa hiyo, hudhoofika pale pale ambapo nadharia ya kinywe ingehitaji nguvu. Vifaa ni mashine ya mwali wa elektroni, inayopatikana katika vyuo vikuu kadhaa vya Afrika Kusini na katika maabara nyingi za Ulaya. Mashine hiyo haipimi chaji ya chuma moja kwa moja, bali hukokotoa kutokana na jumla ya elementi, hivyo ni lazima udai matokeo yasahihishwe kwa spineli za rejea ambazo chaji ya chuma chake ilipimwa kwa njia ya Mössbauer, inayotumia miali ya gama. Maabara isiyojua unachosema unapodai hivyo, tafuta nyingine.

Mtego mkuu ni ukingo wa kromaiti. Mwamba unapogeuka kuwa serpentini, ukingo huo hujaa chuma chenye chaji tatu, na ukiuchanganya na kiini utapata magma iliyooksidika ambayo haikuwahi kuwapo. Njia hii inamfaa mwenye miamba ya awali yenye olivini nyingi, anayetaka kujua magma ilianzaje, na ambaye fedha zake zinatosha siku mbili au tatu za mashine.

Magnetaiti na ilmenaiti

Hii ndiyo njia kongwe zaidi kati ya tano, iliyowekewa msingi na Buddington na Lindsley mwaka 1964. Jozi ya magnetaiti yenye titani na ilmenaiti, zikiwa zimekaa kwa usawa wa kikemia, hutoa joto na nguvu ya oksijeni kwa pamoja. Ghiorso na Evans waliiboresha hesabu yake mwaka 2008.

Tatizo ni saa. Katika lava iliyopoa haraka, jozi hii husoma magma muda mfupi kabla ya kuganda, na kosa lake huwa chini ya nusu hatua. Katika mwili wa gabro, yaani tungamo la magma lililoganda chini ya ardhi, uliopoa kwa maelfu ya miaka, madini haya mawili huendelea kubadilishana chuma na titani hadi joto lishuke mamia ya nyuzi chini ya lile la magma, na magnetaiti hujigawa yenyewe ndani kwa ndani kuwa vibamba vya ilmenaiti. Namba itatoka, tena yenye desimali mbili, lakini itakuwa ya mwamba uliokwisha kuwa jiwe. Niliwahi kuletewa jedwali la namna hiyo, limepangwa vizuri, joto lote likiwa chini ya nyuzi 650, na hitimisho likazungumzia salfa ikiyeyuka ndani ya magma. Sikujua nianzie wapi kulikosoa bila kumvunja moyo kijana aliyelileta.

Mwamba unaofaa ni daiki (magma iliyoganda ndani ya ufa), lava zinazohusiana na mwili wenye mbale, na kingo zilizoganda haraka. Kabla ya kukokotoa lolote, tumia kipimo cha Bacon na Hirschmann cha mwaka 1988, kinacholinganisha magnesiamu na manganisi katika madini yote mawili ili kuona kama jozi ilikuwa katika usawa. Vifaa ni vile vile vya njia ya kwanza, na gharama ni ndogo kwa kuwa bamba moja hutoa jozi nyingi. Inamfaa mwenye lava za umri na ukoo mmoja na mashapo yake, kama ilivyo Siberia; kwa mwenye vipande vya uchorongaji vya habazaiti peke yake, itampa kazi nyingi na jibu dogo.

Vanadiamu ndani ya olivini

Vanadiamu ina tabia ya kubadili chaji kadiri oksijeni inavyobadilika, na kila chaji inapopanda, olivini huikataa zaidi. Dante Canil alionyesha miaka ya 1990 kwamba tabia hii inaweza kugeuzwa kipimo, na Mallmann na O'Neill, mwaka 2013, wakaiunganisha na skandiamu, ambayo haibadili chaji, ili kupunguza athari za joto na za muundo wa magma. Unapima vanadiamu na skandiamu katika olivini, unazilinganisha na zile za magma iliyoizaa, na uwiano wake unakupa hatua za FMQ.

Saa inayosomwa ni ile olivini ilipoganda, ambayo kwa kawaida ni mapema, kabla ya magnetaiti kuanza kuichukua vanadiamu. Faida yake kubwa ni kwamba haidhoofiki katika magma iliyopokonywa oksijeni. Kinyume chake, huko ndiko olivini inakopokea vanadiamu nyingi na kupimika kwa urahisi. Kwa anayeshuku kinywe au makaa ya mawe, hilo si jambo la kupuuza.

Ugumu umo katika maneno mawili niliyoyapitisha upesi: magma iliyoizaa. Katika lava unaweza kuwa na kioo kando ya olivini. Katika mwamba wa olivini zilizojirundika chini ya chumba cha magma, magma yenyewe imekwenda zake, na unabaki kuikadiria kutoka kwa daiki jirani, kingo zilizoganda, au hesabu za kurudisha nyuma. Kosa la njia lenyewe linaweza kuwa robo hadi nusu hatua; kosa la kukadiria magma huweza kulimeza. Aidha, olivini iliyokaa na magma kidogo iliyonaswa katikati ya punje hubadilishana nayo wakati wa kupoa, ndiyo maana viini vya punje kubwa huaminika kuliko kingo.

Kiasi cha vanadiamu katika olivini mara nyingi ni sehemu chache tu kwa milioni, hivyo vifaa vinavyohitajika ni leza na spektromita ya masi, si mwali wa elektroni peke yake. Mtego ni punje ndogo ya kromaiti iliyojificha chini ya uso wa olivini: leza ikiigusa, vanadiamu hupanda ghafla. Fuatilia kromiamu katika kila alama ya leza, na ile iliyoruka uitupe bila kuionea huruma. Inamfaa mwenye olivini mbichi na daiki zinazoaminika za magma ile ile.

Olivini na salfaidi

Njia hii ndiyo pekee kati ya tano inayoangalia matone yenyewe. Olivini na salfaidi iliyoyeyuka hubadilishana chuma na nikeli, na kiwango cha mabadilishano hayo hutegemea nguvu ya oksijeni pamoja na wingi wa nikeli katika salfaidi. James Brenan na wenzake walilifanyia jambo hili majaribio ya maabara, na mwaka 2000 Brenan na Chusi Li waliitumia kwa Voisey's Bay, huko Labrador, Kanada, mashapo yaliyogunduliwa mwaka 1993. Huko magma ilipita katika mwamba geu uitwao nisi ya Tasiuyak, wenye salfaidi na kinywe, na watafiti hao walihusisha hali ya oksijeni kidogo na kaboni ya mwamba huo.

Saa yake, basi, ni ile inayotafutwa na kila mtu: wakati wa kutokea kwa mbale. Mwamba unaohitajika ni ule wenye olivini na salfaidi zilizosambaa pamoja, na vipande vya namna hiyo ndivyo makampuni ya utafutaji yanavyo kwa wingi. Olivini hupimwa kwa mwali wa elektroni. Salfaidi nzima hupimwa kwa kuchambua mwamba na kukokotoa upya kiasi cha nikeli kwa asilimia 100 ya salfaidi, kwa sababu punje moja ya pentlandaiti (salfaidi ya nikeli na chuma) si salfaidi iliyokuwapo wakati wa joto. Takwimu hizo za pili mara nyingi zimo tayari katika hifadhi ya kampuni, na hapo gharama inashuka sana.

Kosa ni kubwa kuliko la njia tatu za juu, na sina sababu ya kulificha. Olivini yenye salfaidi kando yake haiachi kubadilishana mara tu magma inapoganda, na nikeli husafiri ndani ya olivini kwa wepesi. Zaidi ya hapo, salfaidi iliyoko leo katika mwamba yaweza kuwa ilitiririka kutoka mahali pengine na kuikuta olivini ambayo haikuwahi kukaa nayo kwa usawa. Hivyo njia hii hutumika vizuri zaidi kuonyesha mwelekeo, mathalani kwamba sehemu ya mwili iliyo karibu na miamba yenye kinywe ilikuwa na oksijeni kidogo kuliko sehemu ya mbali, kuliko kutoa namba moja ya kuandikwa kwenye kichwa cha ripoti. Inamfaa mjiolojia wa kampuni mwenye mashimo mengi, na mwanafunzi ambaye swali lake linahusu mbale yenyewe, si chimbuko la magma.

Mwali wa sinkrotroni

Miali ya eksirei inayozalishwa na sinkrotroni, mashine kubwa inayozungusha elektroni kwa kasi, husoma moja kwa moja chaji ya chuma, na hata ya salfa, ndani ya kioo au ndani ya tone dogo la magma lililonaswa katika olivini. Hakuna njia nyingine hapa inayoweza kukuonyesha salfaidi na salfeti katika tone lile lile. Saa yake ni dakika tone liliponaswa, na kwenye kioo kizuri kosa linaweza kuwa dogo kuliko la njia zote nne.

Lakini sharti la kioo ni gumu. Miili mikubwa iliyopoa polepole haina kioo. Matone yaliyonaswa humo yameganda kuwa fuwele, na kuyayeyusha tena maabara bila kuibadili hali ya oksijeni ni kazi ya kitaalamu. Hidrojeni hupenya olivini na kutoroka, ikiacha tone lililooksidika kuliko lilivyokuwa. Mwali wenyewe, ukiwa mkali, hubadili chaji ya salfa na chuma wakati unapima. Wanaoifahamu hupima haraka, hurudia mahali papya, na hukubali kupoteza sampuli.

Afrika haina sinkrotroni hadi sasa. Iliyo karibu zaidi na Afrika Mashariki ni SESAME, iliyofunguliwa mwaka 2017 huko Allan, Jordan. Zilizo maarufu kwa kazi za kijiolojia ziko Grenoble nchini Ufaransa, Oxfordshire nchini Uingereza, na karibu na Chicago nchini Marekani. Vituo vingi hutoa muda wa mwali bila malipo kwa utafiti utakaochapishwa, maombi yakishinda katika ushindani, hivyo kikwazo kikubwa huwa ni miezi ya kusubiri, nauli na kumpata mshirika mzoefu. Inamfaa mwanafunzi wa uzamivu mwenye lava au daiki zilizoganda haraka, na msimamizi ambaye jina lake linajulikana kituoni.

Uchague vipi kulingana na hali yako

Ikiwa una vipande vya uchorongaji vyenye habazaiti mbichi na huna lava yoyote, anza na spineli na olivini, ukitenganisha punje zilizofungwa na zilizo nje. Ukipata hali iliyo chini sana ya FMQ, usiishie hapo, kwa kuwa ndipo kosa linapokua; tafuta fedha za leza kwa ajili ya vanadiamu katika olivini zile zile. Njia hizi mbili husaidiana kwa kuwa udhaifu wao haufanani: ya kwanza inayumba kwenye oksijeni kidogo, ya pili inayumba usipoijua magma.

Ikiwa mwamba wako umegeuka serpentini kiasi kwamba olivini imebaki vivuli tu, kromaiti ndiyo iliyobaki kuwa shahidi, na hata hapo viini vyake pekee. Njia tatu zinazotegemea olivini zimefungwa kwako. Ni afadhali kutumia fedha kuchoronga sehemu yenye mwamba mbichi kuliko kununua uchambuzi zaidi wa mwamba uliochakaa.

Ikiwa swali lako ni la utafutaji, yaani wapi katika mwili huu panafaa shimo linalofuata, namba kamili ya FMQ haikusaidii sana. Unachohitaji ni tofauti kati ya mahali na mahali. Chukua sampuli za olivini na salfaidi kwa umbali unaopangwa kutoka kwenye miamba yenye kinywe, zipime zote katika maabara moja na kwa siku zinazofuatana, kisha ziweke kwenye ramani pamoja na isotopu za salfa. Mahali ambapo salfa ya nje na upungufu wa oksijeni vinaonekana pamoja pana hoja mbili za kuchorongwa; mahali penye salfa ya nje bila dalili ya kupokonywa oksijeni pana moja, na kama salfa hiyo ilitoka katika salfeti, hoja yenyewe ni dhaifu.

Ikiwa unashughulika na ukanda uliowahi kuwa na volkeno za mwambao wa mabamba ya dunia, kama Xiarihamu katika mkoa wa Qinghai, China, iliyogunduliwa mwaka 2011, unatarajia magma ambayo huenda ilizaliwa juu ya FMQ. Huko kusoma saa moja tu kunapotosha hasa, kwa kuwa mwanzo na wakati wa mbale vinatarajiwa kutofautiana. Vanadiamu au spineli zilizofungwa kwa ajili ya mwanzo, olivini na salfaidi kwa ajili ya baadaye. Ukikosa fedha za zote mbili, andika waziwazi katika ripoti ni saa ipi uliyoisoma.

Na ikiwa una mwaka mmoja tu wa masomo, bajeti ya bamba kumi za mwamba na maabara moja yenye mwali wa elektroni, hesabu kwanza, kwa hadubini ya kawaida, ni bamba ngapi kati ya hizo kumi zenye kromaiti ndani ya olivini na ngapi zenye salfaidi kando yake. Kazi hiyo huchukua alasiri mbili, haina gharama, na mara nyingi humaliza mjadala wa njia kabla hujamwandikia mtu yeyote barua ya kuomba fedha.